Kaburi la Upande wa Maji

Kitu cha kwanza alichokiona Ndinda ni kwamba kaburi lilikuwa limekaa ndani ya shimo.

Alikuwa ameshuka silangani, kwenye bwawa la kijiji, na punda kabla jua halijatoka vizuri, mitungi mitupu ikigongana mgongoni mwa mnyama. Saruji ilikuwa bado mbichi, rangi ya majivu yaliyolowa, na msalaba wa mbao uliopakwa chokaa ulikuwa umelalia upande mmoja. Watu wa kwao hawazikani mahali palipobonyea, kwa sababu mvua ikija mfu analowa. Huchaguliwa mahali palipoinuka. Ndinda alilitazama lile kaburi, akatazama ardhi iliyolizunguka, ndipo akalitambua shimo lenyewe.

Hapo ndipo mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, ilipokuwa ikitoa udongo wa kujenga ukuta wa silanga. Wanawake wa Ngwani walifanya kazi hiyo kiangazi baada ya kiangazi, kwa jembe, sururu na karai, wakiimba mpaka sauti zikakauka. Ndinda aliacha shule darasa la sita ili nyumba yao iwe na mikono ya kutosha, na hapo penye msalaba alikuwa amejaza karai lake hadi utosi ukaota sugu. Walichimba mpaka magotini, mahali pengine mpaka kiunoni. Walikuta mawe, mizizi ya migunga, na nyoka mmoja aliyewatawanya wote. Mfu wa mtu yeyote hawakumkuta.

Juu ya saruji mtu alikuwa ameandika kwa kijiti: MZEE NDULULU. LALA SALAMA.

Ndululu alikuwa babu yake Nzioka, naibu wa chifu.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Kavata, ameketi mlangoni akipepeta mbaazi.

"Mwaitu, kuna kaburi silangani."

Ungo ukasimama hewani. "Kaburi gani?"

"La saruji. Limeandikwa babu yake Nzioka."

Kavata alishusha pumzi iliyotoka mbali, kisha ungo ukaanza tena. "Ndululu alizikwa mlimani, kwa boma yake. Mimi nilikuwa msichana, nilichota maji ya hiyo matanga." Akatupa makapi kando. "Na wewe usiseme kitu. Unasikia?"

Ndinda alisikia. Kunyamaza hakukuwa kazi kwake. Hata shuleni mwalimu alikuwa akimuuliza swali naye anajibu kwa kutazama ubao.

Mwaka huo Makueni ilikuwa imekatwa kutoka Machakos ikawa wilaya yake yenyewe. Watu walicheza, wakachinjiwa ng'ombe, wakaambiwa serikali imesogea karibu. Kisu kilipokwisha kuingia hakikutaka kutoka. Wilaya ilikatwa tarafa, tarafa zikakatwa kata, kata zikakatwa kata ndogo, na kila kipande kilitaka mtu wake wa kukikalia. Ngwani nayo ilikuwa ikatwe vipande viwili, Ngwani Juu na Ngwani Chini. Nzioka angebaki na Ngwani Juu, kwao, mlimani, kwenye mawe. Chini angepewa mtu mwingine. Shida ya Nzioka ilikuwa kwamba maji hayapandi mlima. Silanga lilikuwa bondeni, na yeye alikuwa na kundi la ng'ombe wa kuwauzia wanunuzi wa Salama, kule barabara kuu, na ng'ombe aliyekonda hakuna anayemtazama mara mbili.

Baraza la kuweka mpaka lilifanywa pale pale silangani. D.O., ofisa wa tarafa, alikuja na Land Rover. Alikuwa kijana bado, mtu wa kutoka mbali, na kofia yake ya kaki ilikuwa kubwa kidogo kuliko kichwa. Karani wake alitandaza ramani juu ya boneti na kuikandamiza kwa mawe ili upepo usiichukue.

"Silanga liko wapi hapa?" D.O. aliuliza.

Karani alitafuta kwa kidole. "Haliko, mkubwa. Hii ramani ilichorwa wakati wa wazungu."

"Kwa hivyo serikali haijui kama kuna silanga."

Watu walicheka, kwa kuwa aliyesema alikuwa D.O. Maji yalikuwa nyuma yake, mapana, yenye rangi ya chai ya maziwa, na ndege wakinywa.

Mzee Muthama, ambaye kesi za mashamba za eneo hilo zilipitia kwake tangu zamani, aliombwa aeleze desturi. Alisimama kwa kuegemea fimbo. "Sisi mpaka wetu hufuata makaburi," alisema. "Mahali umezika mtu wako ni kwako. Hakuna mtu huzika kwa shamba ya mwenyewe."

"Sawa kabisa," akasema Nzioka. Alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alielekeza ufito wake kule kwenye saruji. "Babu yangu ndiye yule. Mimi sina maneno mengi."

Minong'ono ilipita kwa wanawake kama upepo kwenye mahindi makavu. Kisha Mutindi akasimama. Mutindi alikuwa jirani wa kina Ndinda, mjane, mwenyekiti wa mwethya, na mdomo wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya mto Athi.

"Mimi nina swali kidogo tu," alisema. "Nauliza huyu mzee aliingia hapo lini. Kwa sababu mimi nilichimba hapo na sikumkuta. Ama alikuwa ametoka kidogo, ameenda kutembea?"

Kicheko kililipuka. Hata mzee Muthama alifunika mdomo. D.O. peke yake hakucheka. Alingoja mpaka kukawa kimya.

"Mama, umesema ulichimba wapi?"

"Hapo. Hapo kwa kaburi."

"Kwa kaburi." D.O. alimgeukia askari wa utawala aliyekuwa nyuma yake. "Afande Mutiso, umesikia hayo maneno?"

"Nimesikia, mkubwa."

"Na wewe mama unajua sheria inasema nini juu ya mtu anayefukua kaburi?"

Mutindi alimtazama askari, kisha akautazama ufito wa Nzioka.

"Hukuwa peke yako, nafikiri. Kazi kubwa namna hii. Nani mwingine alichimba hapo? Simameni niwaone."

Wanawake waliochimba walikuwa wamejaa pale, wamekaa chini wamenyoosha miguu. Sugu za mikono yao zingeweza kuwaonyesha. Kila mmoja alitazama vidole vyake vya miguu. Ndinda naye alitazama vyake. Mutindi alibaki amesimama peke yake kwa muda, halafu akaketi polepole, kama mtu anayeweka yai chini.

"Vizuri," alisema D.O. "Mimi ni mtu wa haki. Sitaki mseme nimewaonea. Nyinyi watu wa chini, nionyesheni kaburi lenu hapa na nitapitisha kalamu upande ule mwingine. Mna mtu amelala hapa?"

Mzee Muthama alimtafuta Kavata kwa macho mpaka akampata. "Mama Ndinda, huu ukuta umelalia shamba ya bwanako. Hamna mtu wenu hapo? Hata mtoto?"

Kavata aliinuka. Alikuwa amejifunga leso ya kanisani, safi. Alitazama ukuta wa silanga, upande wa kusini, kule mwisho ambako nyasi zilikuwa zimeota kuliko kwingine.

"Hatuna," akasema Kavata, akaketi.

"Kaburi lina mwenyewe na lina jina," D.O. alisema huku akifungua kalamu. "Hakuna jina, hakuna kaburi."

Kalamu ilishuka kutoka mlimani, ikafika bondeni, ikazunguka silanga lote kama mtu anayeruka dimbwi asichafue viatu, ikarudi mlimani. Hivyo maji ya chini yakapewa watu wa juu.

Ukweli ni kwamba mtu alikuwepo.

Ilikuwa katika kiangazi cha mwisho cha kazi ya ukuta. Wakati huo Nzioka alikuwa bado mnyapara wa chifu, akiita majina asubuhi na kuwatoza faini ya kuku wasiofika. Kavata alikuwa na mimba iliyokomaa. Mumewe alikuwa ameshuka Mombasa kutafuta kazi na habari zake zilikuwa zimeanza kupungua, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwombea ruhusa. Alikwenda kuiomba mwenyewe. Nzioka alimtazama tumbo, akasema, "Mimba si ugonjwa. Hao wengine walizaliwa wapi?" Na kuku wao walikuwa wamekwisha.

Alizaa palepale, nyuma ya rundo la mawe. Mutindi ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa mvulana, mdogo kuliko kibuyu cha uji, na alipumua kuanzia asubuhi mpaka jua likawa juu ya utosi, kisha akaacha. Alikuwa hajalala hata siku moja duniani. Kwao mtoto hupewa jina siku ya tatu, na kabla ya hapo bado hajawa mtu wa watu. Akifa, hufunikwa na kina mama bila matanga, na wazee hawaulizi kitu.

Kavata hakuweza kutembea. Ardhi yote ilikuwa ngumu kama sufuria isipokuwa mahali pamoja: mwisho wa ukuta, upande wa kusini, ambako udongo uliomwagwa asubuhi ulikuwa bado mlaini. "Hapa hatakosa maji," alisema Mutindi. Walimlaza humo amefungwa leso. Ndinda ndiye aliyeleta karai. Alikwenda kulijaza shimoni, akarudi, akamwaga, akaenda tena. Wanawake wengine walikuwa wakila upande wa pili na waliona msichana akifanya kazi wakati wa mapumziko. Mmoja alimsifu.

Wote watatu walikubaliana wasiseme. Maji yaliyo na maiti yasingenywewa na mtu, na Nzioka angesema wamelitia silanga mkosi. Kavata alirudi kazini kabla damu haijakauka. Mara moja tu, silanga lilipojaa mara ya kwanza na watu wote wakapiga vigelegele, Ndinda alimwona mama yake amepiga magoti kule mwisho wa ukuta, akipapasa nyasi. Alimsikia akilitamka jina. Lilikuwa jina la babu upande wa baba, jina ambalo lingetolewa siku ya tatu. Ndinda alirudi nyuma kwa ncha za vidole.

Baada ya baraza, seng'enge ilifika kwa lori. Watu wa Ngwani Chini ndio walioitwa kuchimba mashimo ya nguzo, kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali. Lango likawekwa, na kwenye lango akawekwa Afande Mutiso.

Mvua za Novemba zilianguka kidogo, zikaacha. Za Machi hazikuja. Mahindi yalisimama makavu yakawa kama karatasi, na mbuzi walianza kula maganda ya miti. Ng'ombe wa Nzioka walishuka mlimani jioni wakinuka vumbi, wakaingia langoni, wakasimama majini mpaka matumboni. Watu wa Chini walikwenda Athi. Waliondoka nyota zikiwa juu na kurudi jua linapowaka, na punda wa kina Ndinda alikufa njiani katika safari mojawapo, mitungi ikiwa imejaa. Kuanzia siku hiyo walibeba kwa migongo, ukanda wa ngozi ukiwa umepita kipajini kama desturi ya mama zao.

Kavata alianguka karibu na nyumbani. Jirani mmoja alimkuta amelala kifudifudi, mtungi juu yake bado umefungwa, ukivuja polepole shingoni. Kitu mgongoni mwake kilikuwa kimekatika. Walimbeba kwenye machela ya magunia mpaka hospitalini na wakarudishwa naye wakiambiwa alale. Basi akalala. Miguu haikumsikia tena.

"Maji ya Athi yana chumvi," alisema siku moja, uso ukiwa umegeukia ukuta. "Nipatie kidogo ya silanga. Kikombe tu."

Ndinda alichukua kikombe cha bati akaenda langoni. Mutiso alikuwa mtu wa Chini, amekulia nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa akitafuna mua.

"Wewe ni wa kata ndogo gani?" alimuuliza.

"Mutiso, unanijua."

"Nimeuliza kata ndogo."

"Chini."

"Basi ushajijibu." Alitema makapi. "Ndinda, usinitazame hivyo. Nikikufungulia wewe leo, kesho ni nani anafunga? Mimi nina watoto."

"Ni kikombe. Ni ya mama."

"Wote wana mama."

Ng'ombe mmoja alikuwa amesimama ndani ya maji akikojoa. Walimtazama pamoja, yeye na Mutiso, mpaka akamaliza. Kisha Ndinda akarudi nyumbani. Alichota maji ya Athi mtungini, akayachuja kwa kitambaa, akampelekea mama yake katika kikombe kile. Kavata alionja na kusema ahsante. Alijua, wala hakuuliza.

Wiki iliyofuata silanga lilifunguliwa rasmi.

Kibao kilikuwa kimesimamishwa langoni: MRADI WA MAJI WA NGWANI JUU. Siku hiyo lango liliachwa wazi, kwa sababu umati ulihitajika, na watu wa Chini waliitwa waje kuimba. Waliambiwa wavae vizuri. Mchungaji aliomba, akamshukuru Mungu kwa viongozi wenye kuona mbali. Hema la wageni lilisimikwa juu ya ukuta wenyewe, upande wa kusini, ambako nyasi zilikuwa zimeota vizuri na viti havikuyumba. D.O. aliketi katikati. Nzioka aliketi kuume kwake. Mti wa bendera ulikuwa umechimbiwa mbele ya meza, na udongo uliotoka humo, mwekundu, ulikuwa bado umelundikwa pembeni.

Ndinda alikuwa na wanawake wa mwethya, mstari wa nyuma. Aliutazama ule udongo. Mutindi, aliyekuwa mbele yake, alikuwa akiutazama pia, na midomo yake, ile midomo, ilikuwa imefungwa kama mfuko.

Nzioka alisimama kuhutubia. Alisema babu yake Ndululu, aliyelala pale, alikuwa ameota ndoto ya silanga hili. Alisema wanaume wa ukoo wake walijitolea. Watu walipiga makofi. Kisha akachota maji kwa jagi la kioo, yakachujwa, yakamiminwa katika gilasi, akamkabidhi D.O. mbele ya watu wote ili anywe wa kwanza.

"Imbeni," mtu alisema nyuma ya hema.

Mutindi ndiye aliyekuwa mwanzishaji. Hakuanzisha. Nzioka akageuka.

"Wanawake, mmekufa?"

Hapo Ndinda alitoka kwenye mstari. Hakujua kama alikuwa akienda mbele mpaka alipoona wenzake wamebaki nyuma. Alipita kandokando ya meza ya wageni akasimama karibu na mti wa bendera, kikombe cha bati mkononi, kwani alikuwa amekuja nacho akitumaini. Mutiso alisogea hatua moja akasita. Ilikuwa kazi kumkamata msichana ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno la hadharani. Labda alitaka kutoa wimbo.

"Unataka nini, msichana?" D.O. aliuliza. Gilasi ilikuwa karibu na mdomo.

Ndinda alitazama miguu ya D.O. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi, vimesimama juu ya nyasi.

"Umekanyaga ndugu yangu," alisema.

Sauti ilitoka ndogo na iliyokwaruza, lakini kulikuwa kimya, na maji hubeba sauti. Iliwafikia walio mwisho kabisa.

"Nini?" alisema Nzioka.

"Uliuliza kama tuna mtu. Mama alisema hatuna. Tuko naye. Alizaliwa nyuma ya yale mawe kwa sababu huyu alimnyima ruhusa. Mimi ndiye nilimfunika, na hiyo udongo nilitoa pale mmeweka saruji. Mzee Ndululu hakuwa pale. Pale hakuna mtu. Mtu ako hapa."

Mwanamke mmoja aliweka mtungi chini. Mwingine akafuta mdomo wake kwa kiganja. Mutindi alikuwa ameanza kulia bila kutoa sauti, amesimama wima. D.O. alishusha gilasi, akaitazama dhidi ya mwanga, akaiweka mezani taratibu, mbali naye.

Nzioka hakupandisha sauti. Alikuwa hata akitabasamu kidogo, kwa kuwa aliiona njia. "Mkubwa, umesikia mwenyewe," alisema. "Wamezika maiti ndani ya maji ya serikali. Afande, andika majina yao. Yule mama yake pia, hata kama amelala. Na kesho nitaleta vijana wafukue hii takataka yao, ukuta ukibomoka ubomoke."

"Kaa kwanza," D.O. alimwambia. Halafu akamgeukia Ndinda, na uso wake ulikuwa uleule wa siku ya ramani, uso wa mtu wa haki. "Nilisema siku ile. Kaburi ni lazima liwe na jina. Huyo wako hakufikisha hata siku tatu, wazee wenu wenyewe wanajua. Yeye si mtu. Ama ana jina?"

Mutiso alikuwa amekwisha kumshika mkono. Kikombe kilianguka kikabingirika hadi majini, kikaelea kidogo, kikajaa.

"Anaitwa Mutie," alisema Ndinda.